Kabureta ya Bwana Mkaguzi

Viti vya Abir vililetwa kutoka Damieta siku ya Jumapili, na kufikia Jumatatu hakuna mtu nyumbani kwa Mkaguzi Shauki aliyeruhusiwa kuvikalia. Vilikuwa sita na kochi lake, vyote na miguu ya rangi ya dhahabu na satini nyeupe kama maziwa, na vilikuwa vikingoja siku ya kuhamishiwa nyumba ya ndoa. Mkaguzi mwenyewe, mkewe Insaf na binti yao Abir walikula, wakasali na wakagombana wakiwa wamejibana kwenye benchi la karibu na jiko. Kila jioni Mkaguzi alipita akivipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja, kama anayekagua gwaride.

Jumatano alasiri ndipo Galal, mchumba wa Abir, alipokuja kupanga habari za kuhamisha vyombo. Galal alikuwa fundi wa kabureta ng'ambo ya mto, mjini Mansura. Kabla ya kuja alikuwa amejisugua kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga, kisha kwa sabuni ya kunukia, na mikono yake siku hiyo ilikuwa safi kuliko ya wengi wetu hapa Talkha. Ila chini ya kucha palibaki kamstari keusi, kale ambako fundi huzikwa nako.

Mkaguzi alikaona kamstari hako tangu mlangoni.

“Ngoja, ngoja, usikae kwanza,” alisema. Akachukua gazeti la jana, akalikunjua, akalitandaza juu ya kiti kimoja cha dhahabu, akalilainisha pembe zote nne kwa kiganja. “Sasa kaa, mwanangu. Karibu.”

Galal alikaa. Gazeti likalia chini yake. Aliponyoosha mkono kuchukua glasi ya chai, likalia tena, na alipoirudisha, likalia mara ya tatu. Baada ya hapo akaishika glasi kifuani, akakaa wima bila kujitikisa, na chai ikapoa mkononi mwake. Abir aliingia na sinia ya biskuti. Akamwona mchumba wake amekalia gazeti, masikio yakamwiva, akaiweka sinia na kutoka bila hata kumsalimia.

“Malori mawili madogo nimeshakubaliana na Mitwalli, ami,” alisema Galal. “Moja la chumba cha kulala, moja la magodoro na vyombo vya jikoni. Na viti hivi vitaingia juu ya magodoro.”

“Viti hivi? Kwenye lori ambalo juzi lilibeba ndama?” Mkaguzi alicheka. “Hapana, bwana. Viti vitapanda kwenye keria ya gari langu, na gari langu ndilo litakalotangulia. Watu wa Mansura waone bibi harusi anatoka nyumba gani.”

Gari lake lilikuwa Pijo 504, ile ndefu ya viti vya safu tatu, rangi ya samli, ya miaka mingi. Galal alikunakuna shingo.

“Pijo yako niliisikia mwezi uliopita ikipanda daraja. Inapumua kwa taabu, ami. Na siku ile haikuwa na mzigo. Niletee kesho, nusu saa tu, nikusafishie kabureta na kuipima.”

“Nusu saa ya nini?” Mkaguzi aliweka glasi chini kwa kishindo. “Kabureta ni kitu gani, kwani? Matundu mawili na skrubu tatu. Mimi miaka thelathini na moja nimekuwa mkaguzi wa umwagiliaji. Vijiji arobaini vimekunywa maji kwa mkono wangu. Nishindwe kuinywesha injini kijiko cha petroli?”

“Hushindwi, ami,” alisema Galal kwa adabu, akachezea pete ya funguo zake. Pamoja na funguo mbili ilikuwa na vipande kadhaa vya shaba, vidogo kama shanga, kila kimoja na kitundu katikati.

“Na hizo takataka?”

“Jeti, ami. Ndizo petroli inapopitia. Natembea nazo, huwezi kujua nani atakwama wapi.”

“Mtu na kazi yake,” alisema Mkaguzi, kwa sauti ile ambayo watu wa ofisini huitumia wakitaka kusema kitu kingine.

Galal alipoondoka, Insaf alilichukua gazeti, akalikunja vipande vinne na kumsimamia mumewe kichwani.

“Umemtandikia mkweo gazeti, Abu Abir. Kama paka aliyetoka kwenye mvua.”

“Satini hiyo haifuliki.”

“Satini yake! Wiki ijayo kiti hicho ni chake, atakikalia hata na buti. Mtoto wako analia jikoni.”

“Atanishukuru siku moja,” alisema Mkaguzi. Lakini hakwenda jikoni.

Kosa alilolifanya baadaye lilikuwa kosa la kazi yake, na fundi wa kawaida asingelifanya. Shamba likidhoofika mkaguzi hufanya nini? Hupandisha lango la mfereji, maji yakaingia mengi, mahindi yakasimama. Mkaguzi Shauki alilala na wazo hilo na kuamka nalo. Gari lake halikuwa gonjwa, lilikuwa na kiu tu. Na kwenye daftari lake la zamani alikuwa amenakili, kutoka gazeti fulani la magari alilolikuta kwa kinyozi, njia tatu za kuliongezea gari nguvu kwa mikono yako mwenyewe: kupanua jeti, kupandisha boya linalozuia petroli isizidi, na kugeuza kifuniko cha chujio la hewa juu chini ili injini ivute bila kizuizi. Gazeti lilisema ufanye moja kwanza, upime, ndipo ufikirie ya pili. Sentensi hiyo hakuinakili.

Kekee ya kutobolea shaba nyembamba namna ile hakuwa nayo. Alipanda ghorofa ya pili kwa jirani, daktari wa meno, akaomba msumari mmoja uliochakaa wa mashine yake ya kutobolea meno.

“Mkaguzi, unataka kujiziba jino mwenyewe?” aliuliza daktari.

“Kuna kazi ndogo ya nyumbani,” alijibu, akateremka haraka.

Alifunga madirisha ya jikoni na joto lote lile la Julai. Hakutaka kuonekana. Mtu aliyestaafu serikalini, ambaye wakulima barabarani walikuwa wakinyanyuka kumpa heshima, aonekane na mikono ya grisi? Alifungua kabureta, akatandaza magazeti juu ya meza anayokandia mkate mkewe, akapanga vipande vyake. Akashika jeti kwa koleo na kuisokota ile kekee ya meno taratibu, mpaka unga wa shaba ukamwagika kama dhahabu. Akaipuliza, akaitazama kwenye taa. Tundu likaonekana kubwa. Akaona halijatosha, akapitisha tena.

Insaf alisimama mlangoni ameziba pua kwa shela. “Mkate wangu utanuka petroli mwezi mzima.”

“Mkate utapata nguvu,” alisema Mkaguzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka kwa furaha ya kweli. Tusimnyime haki yake: alifurahi kama mtoto. Alikuwa amestaafu miaka minne, na miaka minne hiyo hakuna aliyemwomba afungue lango lolote.

Ijumaa asubuhi alilitoa gari kwenda barabara ya mfereji, na gari likaruka. Ndiyo, liliruka. Barabara tupu, hewa ya asubuhi, hakuna mzigo; alipokanyaga mafuta Pijo ilinguruma kwa sauti nene na kumsukuma kwenye kiti. Moshi mweusi uliotoka nyuma hakuuona, kwa sababu hakutazama nyuma. Aliporudi alipita makusudi mbele ya mkahawa, na wanaume wakanyanyuka vitini.

“Mashallah, Bwana Mkaguzi!” alipiga kelele Mitwalli mwenye malori. “Nani kaifufua hiyo?”

Aliposhuka, Mkaguzi aliificha mikono mifukoni, maana ilikuwa bado myeusi. “Imeangaliwa kidogo,” alisema.

“Si mkwewe huyo!” alisema mwingine. “Galal wa kabureta. Mkono wake mkono kweli, ukimpa punda atakupigia honi.”

Wote wakamsifu Galal. Mkaguzi alitabasamu, akaagiza chai, hakukubali wala hakukataa.

Abir ndiye aliyeuona ule moshi. Alimfuata baba yake chini kwenye ngazi akiwa bado na kanga ya kupikia kiunoni.

“Baba, gari linatoa moshi kama tanuri la matofali. Mwite Galal aliangalie.”

“Umeanza na wewe?”

“Baba, nakuomba. Siku yenyewe ni moja. Mama yake atakuwa pale, na dada zake, na mtaa mzima wamesimama wanatazama vyombo vyangu. Likituaibisha jambo lolote, watalikumbuka mpaka nizeeke kwenye nyumba ile. Mwite tu.”

“Niende nimpigie magoti fundi kabla hata hajakuoa? Baada ya hapo nitasema nini nyumbani kwake?” Akampapasa shavu. “Lala usingizi, binti yangu. Baba yako anajua anachokifanya.”

Kidole chake kiliacha alama nyeusi shavuni kwa Abir, na hakuiona.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, msafara ulipangwa mtaani kwetu, na hakuna aliyebaki ndani. Sisi watu wa mto huu vyombo vya bibi harusi hatuvifichi. Vinapita mchana kweupe, kitanda na kabati, masufuria yamefungwa utepe mwekundu, magodoro ya pamba mpya yaliyotoka kushonwa jana yake, na kila dirisha lina macho manne yanayohesabu. Mbele ilisimama Pijo ya rangi ya samli, viti sita vya dhahabu vimefungwa juu ya keria miguu ikitazama mbinguni, kochi katikati. Ndani Mkaguzi alivaa suti yake ya kustaafia. Insaf na shangazi watatu walijazana nyuma wakipiga tari. Abir alikuwa kwenye lori la kwanza, lile la magodoro, kando ya Mitwalli, maana ndiye aliyekuwa akienda kupanga nyumba na wanawake wenzake.

Walipita sokoni kwa vigelegele. Walipita msikitini. Mkaguzi alipiga honi kwa kila aliyemfahamu na kwa baadhi ya asiowafahamu. Kisha wakafika darajani.

Mwanzo wa mwinuko gari lilipanda vizuri. “Mnaona?” alisema Mkaguzi akimtazama mkewe kwenye kioo. “Mnaisikia?” Lakini katikati ya mwinuko, mkokoteni wa punda uliobeba majani ya ng'ombe ulikuwa umeangusha nusu ya mzigo, na mwenyewe alikuwa akiuokota fungu kwa fungu bila haraka yoyote. Magari yakasimama. Pijo ikasimama nayo, injini ikiunguruma papo hapo kwenye jua, na gari likisimama pale likiwa limeinua pua, petroli iliendelea kuingia kwenye kabureta kama maji kwenye shamba ambalo hakuna wa kulifungia lango.

Injini ilikohoa. Ikatetemeka. Mkaguzi akakanyaga mafuta kuisaidia, na kwa kuisaidia akaimalizia. Ekzosi ikalipuka mlipuko mmoja mkubwa, punda akaruka, na wingu jeusi likatoka nyuma ya gari likaenda kulivaa lori la kwanza. Lilipoondoka, magodoro meupe ya Abir yalikuwa ya kijivu. Masizi yalikuwa kwenye satini iliyofunika mito, mengine yalipanda yakatua kwenye viti vya dhahabu, na kwenye uso wa Mitwalli yalikuwa yameacha meno tu.

Vigelegele vikakatika, na tari nazo.

Mkaguzi alipiga stata. Akapiga tena. Akapiga mpaka stata ikaanza kulia kwa uchovu na harufu ya petroli ikawafanya shangazi wafungue milango na kutoka, mmoja mmoja, wakiinua magauni yao ya sherehe. Nyuma yao daraja zima lilikuwa likipiga honi. Dereva wa basi alitoa kichwa nje.

“Hiyo ni harusi au ni mazishi? Kama ni mazishi tuambieni tushuke tusali!”

Watu wa basi wakacheka. Insaf alikuwa amesimama kando ya ukuta wa daraja, mkoba wake mzuri mkononi, akitazama maji kana kwamba hana uhusiano na gari lile. Mitwalli alikuja akijipangusa uso.

“Lakini, Bwana Mkaguzi, juzi tu lilikuwa linaruka! Si mkweo alilitengeneza? Si tulimsifu mkahawani?”

“Fundi gani huyo,” alisema dereva wa teksi mmoja aliyekuwa ameshuka kutazama, “gari la baba mkwe wake linamfia darajani siku ya vyombo?”

Wote walimtazama Mkaguzi. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Alifungua mdomo, akaiona suti yake, akaziona nyuso zile ambazo kwa miaka thelathini na moja zilimwita bwana, na akasema:

“Vijana wa siku hizi wana haraka. Wanafunga kazi kabla hawajaimaliza.”

Abir alikuwa ameshateremka kwenye lori na kusimama hatua mbili nyuma yake. Alisikia kila neno. Na Galal, ambaye alikuwa akiwangoja upande wa Mansura na mama yake na wapiga ngoma, na aliyekuwa amekuja kwa miguu mbio baada ya kusikia ule mlipuko, naye alikuwa amefika. Alisikia pia. Mkaguzi aligeuka akamwona, shati jeupe la kung'aa, nywele zimelowa mafuta ya kunukia.

Galal alisogea mbele ya gari. Aliwaambia wanaume wazime sigara zao. Kisha akafungua boneti, akakunja mikono ya shati mara mbili na kuinama. Mkaguzi akaenda kusimama kando yake kwa sababu hakujua mahali pengine pa kusimama.

Galal alikiona kifuniko cha chujio kilichogeuzwa juu chini. Akakitoa, akakiweka kando. Akafungua kabureta, akaliona boya lilivyokunjwa, petroli imejaa mpaka juu inamwagika. Akaichomoa jeti, akaiinua kwenye jua na kulitazama tundu lake kwa jicho moja. Alitazama kwa muda mrefu.

“Umelitoboa kwa kitu gani hili, ami?” aliuliza taratibu, kichwa kikiwa bado chini ya boneti.

“Kekee,” alisema Mkaguzi. Kisha akaongeza, maana hapakuwa na faida tena: “Ya meno. Ya daktari wa meno.”

“Ya meno.” Galal hakucheka. Labda angecheka ingekuwa nafuu. “Pamba ikizidishiwa maji huwa inafanyaje, ami?”

“Inaoza mizizi.”

“Basi.”

“Galal, mwanangu,” alinong'ona Mkaguzi, na sauti yake ikawa ndogo asiyoifahamu mwenyewe. “Watu wapo. Usini...”

“Haya, fundi!” alipaza sauti yule dereva wa teksi. “Umegundua ulichokisahau?”

Galal alinyanyua kichwa. Alikuwa na doa jeusi kwenye paji la uso na jingine refu kifuani kwenye shati. Akamtazama Abir, kisha akawatazama wale watu.

“Nimegundua,” alisema. “Niliifunga kwa haraka wiki iliyopita. Kosa ni langu. Tuwieni radhi, jamaa.”

“Na mimi Jumamosi nilitaka nikuletee yangu!” dereva alirusha mkono hewani. “Haya, Mungu kaniokoa. Kuna fundi mwingine karibu na stesheni.” Wengine wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mtu wa kazi ya mikono hana cheti ukutani, ana jina lake tu, na jina la Galal lilikuwa likitupwa mtoni pale pale, siku ya vyombo vyake, Mkaguzi akisikia.

Galal alichomoa pete ya funguo mfukoni, akachagua jeti moja, akaifunga mahali pake. Akalinyoosha boya kwa kidole gumba. Akakausha plagi kwa pindo la shati lake, nne zote. Ile jeti iliyotobolewa aliitia kwenye kiganja cha Mkaguzi na kukifunga kiganja kwa vidole vyake.

“Shika, ami. Hii ni yako.”

Gari likawaka kwa stata moja, kimya, kama halijawahi kufanya kosa lolote.

Nyumba mpya ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbegu. Wanaume walipandisha viti, wanawake wakapandisha masufuria, na kila kitu kilichoingia kiliacha masizi mlangoni. Insaf alipiga magoti mbele ya kiti kimoja akisugua satini kwa leso iliyolowa mate. Doa halikutoka, lilienea tu. Magodoro yaliegemezwa ukutani upande mchafu ukiwa ndani, lakini dada zake Galal walikuwa wameshayageuza na kuyatazama.

Kisha ikaja sharubati, nyekundu, kwenye glasi mpya, na pamoja nayo maneno ya Hajja Wagida, mama yake Galal. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na alimkaripia mwanawe mbele ya watu wote.

“Gari la baba mkwe wako! La baba mkwe wako, wewe! Ya wateja unayatengeneza, hili ndilo ulifunge kwa haraka? Uso wangu niuweke wapi kwa watu hawa? Ustadhi Shauki, tusamehe. Nimezaa mjinga.”

“Pole, ustadhi,” alisema mzee mmoja. “Ndiyo mikono ya kubahatisha ya siku hizi.”

“Pole sana, Bwana Mkaguzi,” alisema Mitwalli. “Suti yako imekwisha.”

Galal alikuwa amesimama karibu na dirisha na shati lake lililoharibika, akitazama nje. Mkaguzi alipokea pole zile moja baada ya nyingine, na kila moja ilimwingia kama kibao. Suruali yake ilikuwa imelowa petroli, mikono myeusi mpaka kwenye vifundo, na jeti ilikuwa mfukoni ikimchoma pajani.

“Kaa, ustadhi, kaa upumzike,” alisema Hajja Wagida akimvutia kiti cha dhahabu.

“Hapana, Hajja. Nimechafuka.”

“Kiti ni chako! Umekinunua wewe. Kaa.”

“Basi nileteeni gazeti,” alisema Mkaguzi.

“Gazeti?” Hajja Wagida aliwatazama wageni. “Utasoma saa hizi?”

Watu wakacheka kidogo, wasielewe. Insaf aliacha kusugua. Kwenye dirisha, Galal aligeuka. Hakuna aliyesogea isipokuwa Abir. Alikwenda jikoni, ambako sahani zake mpya zilikuwa zimefungwa kwa magazeti, akarudi na ukurasa mmoja ambao bado ulikuwa na umbo la sahani. Akautandaza juu ya kiti. Akalainisha pembe ya kwanza kwa kiganja, akailainisha ya pili, ya tatu, ya nne, bila haraka, na alipomaliza akamtazama baba yake machoni.

“Sasa kaa, Baba,” alisema. “Karibu.”

Mkaguzi alikaa. Gazeti likalia chini yake, na akaujua ule mlio. Aliingiza mkono mfukoni, gazeti likalia tena, akaitoa jeti na kuiweka juu ya meza ndogo ya kioo, mahali ambapo wote wangeiona.

“Hajja, mwache kijana,” alisema. “Hajaligusa gari langu hata siku moja. Aliniomba nimpelekee, nikakataa. Tundu hili nimelitoboa mimi, jikoni kwangu, nimefunga madirisha, kwa kekee ya daktari wa meno. Na pale darajani nilimsingizia.”

Halafu Mitwalli, ambaye uso wake bado ulikuwa na masizi nyuma ya masikio, akauliza polepole, “Ya meno?”, na akapasuka kwa kicheko. Mzee wa pole akapasuka naye. Wanawake waliokuwa kwenye ngazi wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka, na kicheko kikateremka ghorofa moja baada ya nyingine mpaka kwenye duka la mbegu. Kabla ya magharibi kingevuka daraja. Kingefika mkahawani kabla yeye mwenyewe hajafika, na kingekaa pale mpaka azikwe. Alijua hivyo. Hajja Wagida peke yake hakucheka. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya shela, akimtazama mwanawe.

Mtu alimtia Mkaguzi glasi ya sharubati mkononi. Akaipeleka mdomoni, akairudisha gotini, na kila mara gazeti lililia. Ilionekana kwake kwamba chumba kizima kinalisikia.

Galal aliondoka pale dirishani. Akaichukua jeti mezani, akaitunga kwenye pete yake ya funguo pamoja na nyingine, kisha akachuchumaa kando ya kiti cha baba mkwe wake, karibu, kama mtu anayeokota kitu.

“Usijitikise, ami,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Ukikaa bila kujitikisa, hakuna anayelisikia.”